UZI: Legioni ya Tatu Augusta, jeshi la Roma lililozeekea Afrika

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, nitauleta kwa vipande. Mwenye swali aulize, nitajibu humu humu.

Historia ya Roma inayosomwa sana huku kwetu ni ya Caesar, Nero na gladieta. Majeshi yake tunayaona Ujerumani kwenye theluji au Uingereza kwenye ukuta wa Hadrianus. Mimi naleta legioni iliyoishi Afrika. Jina lake III Augusta, yaani Legioni ya Tatu ya Augustus. Ilipiga kambi katika nchi ambazo leo ni Tunisia, Algeria na Libya tangu enzi za Augustus mwenyewe, na mwanzoni mwa karne ya 5 orodha rasmi za jeshi la Roma zilikuwa bado zinataja askari wenye jina hilo wakiwa Afrika. Kwa sehemu kubwa ya muda huo ndiyo iliyokuwa legioni pekee ya kudumu magharibi ya Misri katika bara hili. Uingereza, kisiwa kimoja, ilikuwa na legioni 3.

Nasema mapema ninachokiamini, anayetaka kubisha abishe: jeshi hili liliingia kama jeshi la kuwabana watu kwenye ardhi yao, na kufikia mwaka 200 wengi wa askari wake walikuwa wazaliwa wa hapo hapo Afrika. Ukishika nusu moja ya habari hiyo ukaacha nyingine, hutailewa legioni hii.

Legioni si neno geni kwa wasomaji wa Injili ya Marko. Kwenye karatasi ni askari wa miguu 5,000 na ushei, vikosi 10, na chini yake makundi ya watu 80 hivi, kila kundi na akida wake. Wote walitakiwa kuwa raia wa Roma, na utumishi ulikuwa miaka 25. Pembeni yao walikuwepo askari wasaidizi, wa farasi na wa miguu, ambao kwa kawaida hawakuwa raia. Uraia waliupata wakistaafu.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi wa legioni hii ni mawe ya barabarani ya mwaka 14. Liwali Lucius Nonius Asprenas aliwatuma askari wajenge barabara kutoka kambi yao ya majira ya baridi hadi Tacape, leo Gabès, pwani ya Tunisia. Kambi inaaminika ilikuwa Ammaedara, leo Haïdra, karibu na mpaka wa Algeria. Barabara hiyo ilikatiza nchi ya wafugaji, watu waliohamisha mifugo kaskazini na kusini kufuata majira, wakiwemo Musulamii. Miaka 3 baadaye vita ikalipuka.

Kiongozi wake alikuwa Mnumidia, mwenyeji wa nchi ambayo leo ni mashariki ya Algeria, aitwaye Tacfarinas. Alikuwa ametumikia katika vikosi vya wasaidizi vya Roma, akatoroka, akakusanya watu na kuwafundisha kupanga safu na kufuata bendera, mambo yale yale aliyojifunza kwa Warumi. Mwaka 17 alijaribu kupigana uwanja wa wazi na liwali Furius Camillus akashindwa. Baada ya hapo akabadili mbinu: anapiga, anakimbia, anapotelea jangwani, anarudi.

Mwaka 20 aliizingira ngome iliyolindwa na kikosi kimoja cha Warumi. Kamanda wake, Decrius, aliona aibu kwa askari wa legioni kujifungia ndani mbele ya watu aliowaita watoro, akawatoa nje. Wakakimbia. Decrius akabaki akiwakemea washika bendera, jicho limetobolewa, mwili una majeraha, uso bado umewaelekea maadui, mpaka akaanguka peke yake. Liwali mpya, Lucius Apronius, alipopata habari akafufua adhabu ya kale ambayo wakati huo ilikuwa nadra: kura ikapigwa katika kikosi kile chenye aibu, na kila mtu wa kumi akapigwa kwa magongo mpaka kufa. Muda si mrefu, maaskari wazee wasiozidi 500 waliwafukuza watu wale wale wa Tacfarinas waliposhambulia Thala. Katika mapigano hayo askari wa kawaida, Helvius Rufus, alimwokoa raia mwenzake na akapewa taji la heshima.

Vita ikavuta miaka 7. Roma ilibidi ilete legioni ya pili, IX Hispana, kwa muda. Liwali Junius Blaesus aligawa jeshi katika vikundi vidogo, akajenga ngome kila mahali na hakuwaacha wapumzike hata majira ya baridi. Akasifiwa na askari wake kama imperator, yaani jemadari mshindi, mtu wa mwisho nje ya ukoo wa Kaisari kupata sifa hiyo. Mwaka 24 liwali Dolabella, akisaidiwa na Ptolemy mfalme wa Mauretania (si Mauritania ya leo, ni upande wa Morocco na magharibi ya Algeria), alimkuta Tacfarinas alfajiri mahali paitwapo Auzea, watu wake wamelala na farasi wametawanyika malishoni. Mwanawe akakamatwa. Yeye alipoona amezungukwa alijitupa kwenye mikuki.

Naendelea baadaye.


#4

Mkuu, huyo Tacfarinas mbona shuleni hatukufundishwa? Na habari hizi kaandika nani, watu wake au Warumi?


#5 Mleta uzi

Swali zuri, mkuu. Karibu yote tunayojua yametoka kwa Tacitus, seneta wa Roma aliyeandika miaka karibu 90 baada ya vita. Kwake Tacfarinas ni mtoro na jambazi. Watu wake hawakutuachia hata ukurasa mmoja. Lakini Tacitus huyo huyo anaeleza kwamba Tacfarinas alituma wajumbe kwa Kaisari Tiberius akidai ardhi ya kuishi yeye na jeshi lake, la sivyo vita isiyo na mwisho. Tiberius alikasirika kuliko kawaida yake, kwamba mtoro anajadiliana kama mkuu wa nchi. Tacitus aliiandika kuonyesha jeuri ya mtu yule. Mimi naisoma kama dai la msingi kabisa la vita nzima.

Na ardhi kweli ilikuja kupimwa. Mwaka 105 hivi, chini ya Kaisari Trajanus, jemadari wa legioni Lucius Minicius Natalis alisimamisha mawe ya mipaka kati ya Musulamii na mashamba ya jirani, yakiwemo mashamba ya Kaisari. Baadhi ya mawe hayo yamepatikana. Mfugaji aliyekuwa anapita na kondoo wake popote sasa ana jiwe mbele yake lenye maandishi ya Kilatini.

Siasa za juu nizipitie haraka. Afrika ilikuwa jimbo la seneti, na liwali wake ndiye aliyekuwa na legioni. Kaisari Caligula akaona hatari, akamnyang'anya liwali jeshi na kulikabidhi kwa jemadari anayewajibika kwa Kaisari moja kwa moja. Liwali Carthage, jemadari kambini, na wivu katikati. Mwaka 68 jemadari Clodius Macer akaasi, akaunda legioni yake ya pili na kupiga sarafu zenye jina lake, mpaka Kaisari mpya, Galba, alipotoa amri auawe. Miaka 2 baadaye liwali Piso naye aliuawa, na mkono wa jemadari wa III Augusta, Valerius Festus, ulikuwemo. Mwenye kushika legioni hii alishika pia njia ya nafaka za Afrika zilizolisha jiji la Roma, ndiyo maana shingo zilikatwa.


#9

Kwa hiyo kwa miaka mia na zaidi walikuwa wanakaa kambini wanasubiri vita? Askari 5,000 wanakula bure?


#10 Mleta uzi

Hapana mkuu, na hapa ndipo ninapopapenda.

Kambi ilihama kutoka Ammaedara kwenda Theveste (leo Tébessa) wakati wa Kaisari Vespasianus, kisha Lambaesis, kaskazini mwa milima ya Aurès. Mahali hapo leo panaitwa Tazoult, karibu na Batna, Algeria. Ngome ndogo ilikuwepo Lambaesis tangu mwaka 81. Kambi kubwa, mita 500 kwa 420 hivi, ilikuja miongo kadhaa baadaye.

Mwaka 128 Kaisari Hadrianus alikwenda kuikagua. Inasimuliwa kwamba Afrika ilikuwa haijapata mvua miaka 5, na alipofika ikanyesha, watu wakampenda. Jemadari Quintus Fabius Catullinus mwaka huo huo aliweka wakfu maandishi mawili, moja kwa Jupiter mwenye nguvu juu ya dhoruba, jingine kwa pepo ziletazo hali njema ya hewa. Lakini kitu cha thamani kuliko vyote ni hotuba. Hadrianus alitazama mazoezi, akahutubia kikosi baada ya kikosi, na askari wakayachonga maneno yake kwenye mawe ya mnara uliokuwa katika uwanja wa mazoezi. Vipande vyake vimepatikana. Ni nadra mno kusoma maneno ya Kaisari mbele ya askari yalivyotoka kwake, bila mwandishi wa historia kuyapamba.

Kwa legioni anaanza na udhuru aliotolewa na jemadari wao. Kikosi kimoja hakipo, kila mwaka kimoja kwa zamu kinakwenda kumtumikia liwali. Miaka 2 iliyopita mmetoa kikosi kizima na watu 4 kutoka kila kundi la akida kwenda kuongeza nguvu legioni nyingine. Vituo vingi vya mbali vinawatawanya. Mmehama kambi mara mbili na kujenga mpya kwa mikono yenu. Kwa hayo yote, anasema, ningewasamehe kama mazoezi yangelegea, lakini hayakulegea.

Kikosi kingine alikisifu kwa ujenzi. Ukuta wa mapande ya majani na udongo ni kazi nyepesi: mapande yanakatwa sawasawa, yanabebeka, yanapangika. Ninyi mmejenga kwa mawe makubwa, mazito, yasiyolingana, ambayo hakuna awezaye kuyabeba wala kuyaweka mahali pake bila kuona yanavyopishana, na mmemaliza kwa muda ambao si mrefu sana kuliko wa ukuta wa majani. Mkachimba handaki kwenye kokoto ngumu na kulilainisha kwa kulikwangua. Kisha mkaingia kambini haraka, mkachukua chakula na silaha, mkawafuata wapanda farasi. Huyu ni mtu anayejua jiwe lina uzito gani. Na alikosoa pia: zoezi moja la farasi la kuzungukana lilimchukiza, akasema mpanda farasi atoke mafichoni na afuatilie adui kwa tahadhari.

Kazi ya pili ilikuwa miji na barabara. Mwaka 100 Trajanus aliagiza mji wa Thamugadi (Timgad), mashariki ya Lambaesis, na legioni chini ya jemadari Lucius Munatius Gallus ndiyo iliyoujenga. Ukiutazama kutoka juu ni mraba uliokatwa kwa mitaa iliyonyooka, kambi ya jeshi iliyogeuzwa mji. Kwenye sakafu ya uwanja wake wa katikati kuna ubao wa mchezo uliochongwa maneno haya: kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, huko ndiko kuishi.

Kazi ya tatu ni maji, na naomba mnivumilie, maana kisa cha Nonius Datus nakipenda kuliko vita zote za Tacfarinas.

Datus alikuwa mpimaji wa legioni, fundi wa kusawazisha njia ya maji. Mji wa Saldae, leo Béjaïa, pwani ya Algeria, ulihitaji maji kutoka milimani, umbali wa kilomita 21 hivi, na njiani kulikuwa na mlima wa kutoboa kwa mita 400 na kitu. Datus akapima, akapigilia vigingi juu ya mlima kuonyesha mstari kutoka mashariki hadi magharibi, akaacha michoro na kurudi kambini. Vikundi viwili vikaanza kuchimba, kila kimoja upande wake.

Miaka ikapita. Msimamizi wa jimbo, Varius Clemens, akamwandikia jemadari wa legioni: mtume Nonius Datus, ambaye sasa ni mstaafu, aje amalize kazi yake. Datus akaondoka. Njiani akavamiwa na majambazi. Anasema aliponyoka uchi, na majeraha, yeye na wenzake. Akafika Saldae akawakuta watu wana huzuni, wamekata tamaa, kwa sababu jumla ya mashimo mawili ilikuwa imepita upana wa mlima na hayajakutana.

Akapima upya. Kikundi cha juu kilikuwa kimepotea upande wake wa kulia, kuelekea kusini. Kikundi cha chini nacho kimepotea upande wake wa kulia, kuelekea kaskazini. Wote wameuacha mstari wa vigingi, na kwa kuwa walikuwa wanatazamana, kulia kwa mmoja kulikuwa kushoto kwa mwenzake. Datus akagawa kazi upya, akawashindanisha askari wa majini na askari wasaidizi ili watoboe mlima na kukutana. Wakakutana. Maji yakapita, na Varius Clemens akayazindua.

Datus alichonga habari yote kwenye jiwe huko Lambaesis, pamoja na barua za wakubwa, na juu yake sura za wanawake watatu: Saburi, Ujasiri na Tumaini. Fundi anayejua lawama zingemwangukia nani aliacha vielelezo vyake kwenye jiwe.


#14

Naomba uliweke wazi hili. Hao askari waliozaliwa Afrika walikuwa weusi kama sisi au ni watoto wa Warumi waliozaliwa huku?


#15 Mleta uzi

Mkuu, nilijua swali hili litakuja. Mawe ya makaburi na orodha za askari huandika jina, umri, miaka ya utumishi, na mara nyingi mji wa kuzaliwa. Rangi ya ngozi hayaandiki. Kwa hiyo nitakwambia yanachosema.

Karne ya 1 askari wengi wanatoka Italia na Gaul (Ufaransa ya leo). Karne ya 2 wanaongezeka wenyeji wa miji ya Carthage, Numidia na maeneo ya jirani. Kisha inaonekana alama ya pekee: mahali pa kuzaliwa pameandikwa "kambini". Hao ni watoto wa askari na wanawake wa hapo. Sheria ilimkataza askari kuoa akiwa kazini, lakini maisha hayakusubiri sheria. Nje ya kambi ya Lambaesis mji mzima uliota, wenye wake, watoto, maduka na mahekalu. Septimius Severus ndiye aliyelegeza katazo hilo, na huyo Kaisari alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, mwaka 145. Chini yake Numidia ikawa jimbo kamili lenye Lambaesis kama makao makuu, na legioni ikapewa sifa za Pia Vindex, mcha Mungu na mlipiza kisasi.

Sasa wapo askari ambao majina yao yanasema wazi kwamba si watoto wa walowezi. Chini ya Severus jeshi lilisogea kusini kabisa, Cidamus (leo Ghadames), Gheriat el-Garbia, na Gholaia, leo Bu Njem, ngome iliyoanzishwa tarehe 24 Januari mwaka 201 ndani ya jangwa la Libya. Mwaka 222 lango la Bu Njem lilikuwa limechakaa, likajengwa upya chini ya akida Marcus Porcius Iasucthan. Iasucthan ni jina la Kilibya, la watu ambao leo tungewaita Waamazighi. Baada ya kazi akatunga shairi refu la Kilatini kulisifu lango na askari waliovuta mawe kwa kamba, na herufi za mwanzo za mishororo zinaunda jina na cheo chake. Wataalamu wa Kilatini wanalalamikia vina na mizani yake. Mimi naliheshimu shairi hilo. Mtu ambaye Kilatini huenda hakikuwa lugha ya mama yake amesimama jangwani, amepandisha mawe, halafu akaona kazi ya watu wake inastahili shairi.

Miaka 20 hivi kabla yake, akida mwingine wa hapo hapo, Avidius Quintianus, alitunga lake kwa mungu wa afya baada ya kujenga bafu. Anaeleza kwamba alitafuta jina la kumwomba na kumshukuru katikati ya mchanga huu na joto la upepo wa kusini, akawapa askari maji ya kutulizia miili.

Bu Njem kumepatikana pia vigae vya vyungu zaidi ya 100 vilivyoandikwa kwa wino, vingi ni taarifa za kila siku za miaka ya 250. Leo tuko wangapi. Wagonjwa wangapi. Nani yuko langoni, nani kwenye lindo, nani kwenye tanuri la mikate, nani bafuni, wangapi mazoezini. Vingine ni ripoti za vituo vya nje: wamepita Wagaramante wakiwa na nyumbu na punda, wamebeba shayiri. Hao Wagaramante ndio wenye dola la Fezzan, ndani ya Sahara, waliochimba mifereji ya chini ya ardhi kufikia maji ya kale. Walipigana na Roma mara kadhaa, na hapa wanaonekana wakipita kwa biashara huku karani wa ngome akihesabu punda.


#17

Dada yenu nipo nafuatilia. Mishahara, familia, mtu akifa ilikuwaje? Jeshi linazika?


#18 Mleta uzi

Karibu dada. Walikuwa na vyama vya kufa na kuzikana, hakuna namna bora ya kukwambia. Maofisa wadogo wa Lambaesis, chini ya Severus, walijiunga kwa kazi zao, na kanuni za baadhi ya vyama zimebaki kwenye mawe.

Chama cha wapiga pembe kilikuwa na wanachama 36, majina yao yote yapo. Anayejiunga analipa kiingilio cha dinari 750. Akistaafu anapewa 500. Akipandishwa cheo 500. Akifa, warithi wake au mwakilishi wanapewa 500. Akishushwa cheo anapewa 250. Akipata cheo kinachompeleka ng'ambo anapewa nauli, dinari 200 kwa wa miguu na 500 kwa wa farasi. Hata aliyevuliwa madaraka hakuachwa aondoke mikono mitupu. Anayekaa kwenye kikoba mtaani kwake anajua mjadala uliotangulia kanuni kama hiyo ulikuwaje.


#21

Walivuka Sahara au hadithi tu?


#22 Mleta uzi

Yapo masimulizi mawili ya mwishoni mwa karne ya 1, na tunayapata kupitia mwanajiografia Ptolemy wa Alexandria. Septimius Flaccus alikwenda kutoka Libya kupitia nchi ya Wagaramante na kusafiri miezi 3 kusini. Julius Maternus alitoka Leptis Magna, akaungana na mfalme wa Wagaramante kwenye safari yake, na kwa miezi 4 wakafika nchi iitwayo Agisymba, mahali vifaru wanapokusanyika. Wengi wanaiweka karibu na bonde la Ziwa Chad. Hakuna kinachosema legioni nzima ilikwenda. Ni misafara, na Maternus alikuwa mgeni kwenye msafara wa mfalme Mwafrika.

Kitu cha kutugusa sisi wa pwani: kitabu hicho hicho cha Ptolemy ndicho kinachotaja Rhapta, mji wa biashara wa Azania ambao wengi wanauweka pwani ya Tanzania. Mabaharia waliofika huku na msafara wa Agisymba vinatumika katika hoja moja, ya kukadiria Afrika inakwenda kusini mpaka wapi.


#23 Mleta uzi

Sasa nije kwenye doa.

Mwaka 238 Kaisari alikuwa Maximinus, mtu wa vita na kodi. Huko Thysdrus, leo El Djem, Tunisia, mkusanya kodi wake alizidisha, vijana wenye mashamba wakawaita watu wao na kumuua. Wakijua kifo kinawasubiri, wakamwendea liwali Gordianus, mzee wa miaka 80 hivi, wakamlazimisha awe Kaisari. Akamfanya mwanawe mshiriki. Seneti huko Roma ikawakubali.

Gavana wa Numidia alikuwa Capelianus, mwenye ugomvi wa zamani wa kesi na Gordianus. Gordianus akatangaza kumwondoa madarakani. Capelianus akaichukua III Augusta na wasaidizi wake wa farasi, akashuka Carthage. Watu wa jiji wakatoka kwa wingi pamoja na Gordianus mwana, wakiwa na visu, mashoka na mikuki ya kuwindia. Jeshi la kazi likakutana na wenye maduka na wakulima. Wakakanyagana wakirudi malangoni. Gordianus mwana aliuawa na mwili wake haukutambulika kati ya maiti. Baba yake alijinyonga. Utawala wao ulikuwa wa wiki 3 tu. Capelianus akaingia kwenye miji iliyomwunga mkono Gordianus, akaua wakubwa, akawaachia askari wapore.

Hawa, kumbukeni, ni askari waliozaliwa Afrika, wakiua Waafrika wenzao kwa ajili ya Kaisari aliyekuwa mbali Ulaya. Siwezi kuisifu legioni kwa maji ya Saldae nikanyamazia Carthage.

Kabla mwaka haujaisha Maximinus aliuawa na askari wake, na Kaisari akawa mjukuu wa mzee yule, Gordianus wa Tatu, kijana wa miaka 13. Legioni ikavunjwa. Mafundi wakapita na patasi wakifuta jina lake kwenye mawe: Lambaesis, kwenye ngome, kwenye sanamu na mahekalu. Maandishi mengine yote yakaachwa, mahali pa "LEG III AVG" pakabaki shimo.

Miaka 15 Numidia ikakaa bila legioni. Kisha mwaka 253 Valerianus, aliyekuwa Raetia kwenye mto Danube akikusanya jeshi, akawa Kaisari na kuirudisha. Tunajua hili kwa jiwe la Gemellae, ngome ya kusini mwa Aurès: askari wa III Augusta iliyorejeshwa wanatoa shukrani tarehe 22 Oktoba 253 kwa kurudi kutoka Raetia. Askari waliovunjiwa jeshi walikuwa wametumikia ugenini, na wamerudi kwenye jangwa lao. Mafundi wakapita tena. Kwenye mawe mengi jina limechongwa upya ndani ya lile shimo, herufi zimekaa chini kuliko mstari wake, na jicho linaona mara tatu zote: lilipoandikwa, lilipofutwa, liliporudishwa.


#26

Leo kuna cha kuona au Wafaransa walibeba?


#27 Mleta uzi

Kipo kingi, mkuu, ila Wafaransa walipita. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Kanali Carbuccia wa jeshi lao la wageni aliyachunguza magofu ya Lambaesis, akalijenga upya kaburi la Titus Flavius Maximus, ofisa wa III Augusta, na kumpa heshima za kijeshi kana kwamba ni mwenzao. Hapo ndipo ninapobishana nao. Jeshi lililokuwa linawanyang'anya Waalgeria ardhi lilijiita mrithi wa legioni ili lionekane linarudi nyumbani, na huku likijenga gereza kubwa juu ya sehemu ya kambi yenyewe, kwa kufungia wapinzani wa kisiasa. Waliowekwa kwenye mawe yale ni akina Iasucthan, na wajukuu zao walikuwa ndio wanaotawaliwa.

Atakayefika Batna aende Tazoult. Jengo kubwa la katikati ya kambi bado limesimama kuta nne bila paa, na jumba la makumbusho liko hapo mjini. Timgad ni mwendo mfupi kwa gari kuelekea mashariki, na UNESCO imeiorodhesha tangu 1982. Haïdra, upande wa Tunisia, kuna makaburi ya askari wa mwanzo kabisa wa legioni.

Mwenye picha za Gemellae au Bu Njem aziweke humu. Kesho nikipata nafasi nitaleta maandishi ya makaburi ya wake wa askari wa Lambaesis, dada aliyeuliza juu ya familia nadhani atayapenda.